Benchi Lililoshuka Ngazi

Ukitoka barabara ya chini, pale penye duka la vioo, utaziona ngazi za saruji zinazopanda katikati ya kuta mbili mpaka mtaa wa juu. Ni ngazi sabini na mbili. Kila baada ya ngazi kumi na nane pana kisakafu cha mtu kuvuta pumzi, na kwenye kisakafu cha kwanza, kila alasiri, utakuta benchi la mbao lenye miguu ya chuma, jiko la mkaa, birika kubwa, na watu wanne ambao kazi yao ya siku ama imekwisha ama haikuanza. Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama miaka kumi na tisa, na maneno aliyoyasikia pale mlangoni hayajamtoka. Injini ni fundi wa mafriji, na kwake dunia nzima ni friji. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye kikao. Wa nne ni Posta, aliyepeleka barua mtaa huu kwa miguu yake miaka thelathini na moja, na ambaye sasa figo zimemgomea, hata mara tatu kwa wiki analala saa nne nzima kando ya mashine ya hospitali ikimsafisha damu. Siku hiyo haikuwa siku ya mashine. Alikuja na karatasi ya majibu kwenye mfuko wa shati na jambo moja moyoni: alitaka kupanda mpaka juu, mahali ambapo hajakanyaga kwa mwaka mzima.

— Kumi nukta sita!

Alisema hivyo hata kabla hajaketi. Wenzake wakatazamana.

— Kumi nukta sita ya nini? Injini aliuliza. Volti?

— Ya damu, bwana. Kipimo cha damu yangu. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa saba nukta moja.

— Na mtu mzima anatakiwa awe na ngapi?

— Mwanamume mwenye figo zake, kumi na tatu na kwenda juu. Mimi nesi anasema nikicheza kati ya kumi na kumi na moja na nusu, yatosha.

— Yatosha! Wakili aliruka. Nani kaamua? Kwa nini wenzio wapewe kumi na tatu, wewe upewe pungufu? Hiyo ni kesi ya kukatia rufaa, na ndani ya siku kumi na nne.

— Kaa chini wewe, Mama Birika alimwambia. Kaka yangu, pongezi. Shika kahawa yako.

Posta ana kikombe chake peke yake. Ni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye mistari ya vipimo ubavuni. Mtu wa mashine hupimiwa hata maji ya kunywa, na Mama Birika hazidishi mstari wa pili hata ukimlilia. Posta aliipokea kwa mikono miwili. Zamani alikunywa vikombe vitatu vikubwa akiwa wima, mkoba begani, na cha nne akaondoka nacho.

— Sasa hebu tuelezane, alisema Injini. Figo ni chujio. Chujio likiziba, maji yanachafuka, sawa. Lakini chujio na kupungua damu wapi na wapi?

— Hata mimi nilimuuliza nesi hivyohivyo. Kumbe figo hazichuji tu. Zina kazi nyingine: zinaandika barua.

— Nani anaandika barua?

— Figo. Damu ikipungua, figo zinapeleka ujumbe kwenye uboho, ndani ya mifupa: jamani, huku tumepungukiwa, tengenezeni nyingine. Mifupa ikipata ujumbe, inaingia kazini. Zangu zimekufa, haziandiki. Mifupa ipo, mizima kabisa, imekaa inangoja. Haina habari.

Mama Birika alishika kiuno.

— Kwa hiyo wewe, kati ya watu wote, ndiye uliyekosewa na posta!

Walicheka mpaka jiko likatingishika. Posta naye alicheka, ingawa siku ile nesi alipomweleza hakucheka. Alilia. Kwa miaka thelathini na moja hajapoteza barua hata moja, hajachelewesha hata kadi ya pole, na kumbe ndani ya mwili wake mwenyewe palikuwa na watu wameketi mlangoni wanangoja barua isiyokuja.

— Na sindano wanazokuchoma?

— Sindano ndiyo barua. Wanaipeleka kwa mkono. Halafu wananitundikia dripu ya madini ya chuma, kwa sababu ukimwandikia fundi ajenge bila kumpelekea matofali, umempigia kelele tu.

— Naam! Injini alipiga goti. Basi tatizo liko wazi. Ni gesi. Friji ukilitia gesi nusu, linanguruma usiku kucha na barafu huioni. Waambie wakujaze mpaka juu! Kumi na tatu! Kumi na sita!

— Nimewaambia.

— Wakasemaje?

— Damu ikizidi inakuwa nzito. Presha inapanda, damu inaganda kwenye mishipa, mtu anaanguka na kiharusi. Yametokea kwa watu, siyo hadithi. Ndiyo maana wanapima kila mwezi, wanaongeza kidogo, wanapunguza kidogo.

— Waoga hao, alisema Wakili. Mimi ningeuandikia huo uboho barua mia kwa siku. Siyo za kuomba, za amri! Kwa mamlaka niliyopewa, mfupa wa paja unaamriwa kutoa lita moja kabla ya saa sita mchana, ukikaidi utakamatwa.

— Utaukamataje mfupa wa mtu, wewe?

— Kwa hati.

— Hebu niacheni niseme la maana, Injini alisema, akasogea mbele kama mtu anayetaka kutoa siri. Mimi kosa nalijua. Kosa ni letu sisi. Wakati Posta ana miaka ishirini na sita, damu imemjaa mpaka masikioni, tungemtoa lita mbili tatu tukaziweka akiba. Lile friji langu la mlango mwekundu mnalikumbuka? Halijawahi kuzima tangu nilinunue. Leo tungekuwa tunafungua tu, tunammiminia ujana wake mwenyewe.

— Ingekuwa imeoza.

— Friji langu lile haliozeshi kitu!

— Damu ya Posta wa wakati ule, alisema Mama Birika taratibu, isingekaa frijini. Ingepiga mluzi usiku kucha watu wasilale.

 Wote wanne walikuwa wameusikia mluzi ule. Posta alikuwa akiupiga mara mbili kwenye kila kisakafu, mmoja mfupi na mmoja mrefu unaopanda mwishoni, na milango ikafunguka yenyewe. Wanawake walitoka na mikono ya unga, watoto walitoka wakikimbia, na mzee mmoja aliyekuwa kiziwi alitoka kwa sababu ameona wengine wametoka. Alizipanda sabini na mbili zote kwa pumzi moja, mkoba umejaa, na mluzi wa juu kabisa ulikuwa mrefu kuliko wa chini. Mwaka huu wa ugonjwa alijaribu kuupiga chumbani kwake akaambulia upepo.

— Mwelezeni mtu leo, Wakili alisema, hatasadiki. Na ule mkasa wa dirisha la juu. Posta, tuambie tena.

— Mmeusikia mara ngapi?

— Ushahidi haukinaiwi. Sema.

Posta aliweka kikombe chake gotini. Hakuhitaji kubembelezwa sana, maana hadithi ile ndiyo mali pekee ambayo ugonjwa haujaigusa.

— Pale juu kabisa, dirisha la mbao za kijani. Msichana mmoja alikuwa anashona humo, cherehani yake imeelekea nje apate mwanga. Kaka yake alikuwa machimboni, anaandika mara mbili kwa mwaka, basi. Na sheria ya kazi yetu ni moja: asiye na barua hapigiwi mluzi. Unampita. Sasa mimi nikawa siwezi kumpita.

— Mhalifu, alisema Wakili kwa mapenzi.

— Kila siku nikafika dirishani, napiga mluzi, anafungua. Namwambia, leo huna barua. Ananitazama mimi, anazitazama ngazi, ananiuliza: na umepanda ngazi zote hizi kuja kuniambia hivyo tu?

— Ukamjibu nini?

Waliuliza kwa pamoja, kama wanavyouliza miaka yote.

— Sikumjibu kitu. Ningemjibu nini? Nikageuka, nikashuka. Kesho yake nikapanda tena. Miezi minane! Mpaka siku moja mwenyewe akachoka, akaniambia, wewe kijana, ukikosa barua mara nyingine, lete wazee wako.

Mama Birika alijifuta jicho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi wa mkaa. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu mke wa Posta, miaka minne sasa. Na Posta alipostaafu, ni yeye aliyesema benchi liwekwe juu kule, chini ya dirisha lile, ingawa chumba kilikuwa na wapangaji wengine na baadaye kikabaki kitupu. Walikaa pale miaka.

— Basi, alisema Posta, nataka benchi lirudi juu. Leo.

Injini alikohoa. Wakili akaanza kuchunguza kucha zake.

— Juu kuna jua, alisema Injini.

— Saa kumi hii, jua gani?

— Ule moshi wa kinyozi anayechoma taka pale kisakafu cha tatu...

— Kinyozi amehama tangu mwezi wa pili.

— Na upepo? Upepo wa pale juu, kwa afya yako...

— Sikilizeni, ndugu zangu.

Hakupandisha sauti. Aliitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena.

— Mwaka jana benchi lilikuwa ngazi ya sabini na mbili. Mkasema jua, tukashuka hamsini na nne. Mkasema moshi, tukashuka thelathini na sita. Mkasema upepo, tukaja hapa, kumi na nane. Sababu ya kwanza niliiamini. Ya pili niliikubali tu. Ya tatu niliishukuru kimoyomoyo, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana nilijua kabisa mnachofanya nami nikanyamaza.

 Kwa mara ya kwanza tangu kikao hicho kianzishwe, Wakili hakuwa na pingamizi.

— Kila mwezi nesi ananiuliza: baba, ngazi unapanda bila kupumzika? Namjibu, nafika kwenye benchi bila kupumzika. Na ni kweli! Nafika! Anaandika kwenye faili: anapanda ngazi vizuri. Daktari anasoma, anasema, damu ni ndogo lakini mzee anajimudu, sindano zingoje kidogo. Miezi miwili wamengoja. Siku ya mwisho yule nesi akaweka kalamu chini, akanitazama. Baba, anasema, damu yako inashuka kila mwezi na wewe kila mwezi unafika kwenye benchi. Hilo benchi lina miguu?

— Ukasemaje? Mama Birika aliuliza kwa sauti ndogo.

— Nikamwambia, linayo minne. Na linatembea.

Injini alitaka kucheka, akajizuia. Mama Birika hakujizuia kulia.

— Mimi ndiye niliyeanza, kaka. Siku ile ulipofika juu midomo imekuwa myeupe, ukashika ukuta ukasema unatazama rangi ya ukuta. Nikasema, huyu akija tena hivi atatufia ngazini. Nikawaambia hawa walibebe. Sikujua tunakuharibia hospitali.

— Ninajua, dada yangu. Mlinionea huruma mpaka mkanificha, hata mimi mwenyewe sikujiona. Sikulaumu. Lakini sasa nataka nijue. Karatasi inasema kumi nukta sita. Miguu inasemaje? Hapa ngazi ya kumi na nane sitajua kamwe.

— Karatasi ikishasema, miguu ya nini tena? Injini alihoji. Damu imeingia, mtambo unafanya kazi.

— Nesi anasema damu siyo miguu. Damu inabeba pumzi, lakini miguu iliyokaa mwaka mzima imesahau kazi. Ndiyo maana wanaipigisha baiskeli.

— Baiskeli gani?

— Ya pale kwenye mashine. Nimelala, mkono una mipira ya damu, na miguuni wameniwekea pedali. Nakanyaga nusu saa.

— Baiskeli haina magurudumu, umelala chali, inakwenda wapi?

— Inakwenda juu, alisema Posta, akasimama.

Akamkabidhi Mama Birika kikombe. Kahawa ilikuwa imebaki nusu mstari.

— Ngoja, ngoja, alisema Wakili. Utaratibu! Lazima kwanza...

Posta alikwishaanza kupanda. Alishika bomba la ukutani kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ndio wenye mshipa wa mashine na haubebeshwi kitu. Nesi alimwambia apande polepole, na kifua kikimbana asimame, asijifanye kijana. Akahesabu kimoyomoyo: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Nyuma yake alisikia miguu ya chuma ikiburuzwa kwenye saruji, kisha sauti ya Injini:

— Shika upande wako wewe! Siyo huo, huo wangu!

— Mimi nilikubali kulishusha. Kulipandisha hakukuwa kwenye makubaliano.

— Beba!

Kwenye kisakafu cha ngazi ya thelathini na sita hakusimama. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuificha. Aliogopa lile giza. Mwaka jana, hapohapo, macho yaliingia kiza, masikio yakaanza kuvuma, na moyo ukamdunda kooni. Alilingoja giza lije. Ngazi ya arobaini, halijaja. Arobaini na tano, halijaja. Mapaja yalikuwa yanawaka moto, hilo hakubishana nalo, na pumzi ilikuwa fupi, lakini ilikuwa pumzi. Aliivuta ikaingia, akaitoa ikatoka. Kwenye hamsini na nne alisimama. Aliegemea bomba, akahesabu mpaka thelathini kama alivyofundishwa. Chini, benchi liligonga ukuta na mtu akalalamikia kidole chake. Mabishano yaliendelea ngazi tano hivi, yakapungua yakawa neno mojamoja, kisha hayakusikika tena. Kilichosikika ni watu watatu wakihema na kifuniko cha birika kikigongagonga.

— Wazima huko nyuma? aliuliza Posta.

Hakuna aliyemjibu. Akaendelea.

Sabini. Sabini na moja. Sabini na mbili.

Dirisha lilikuwa palepale. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka, ubao mmoja umetiwa kiraka cha bati, na chini yake ukutani palikuwa na alama nne za miguu ya benchi, nyeusi, kama walivyoziacha. Posta alisimama akitweta, mkono kifuani. Alikuwa na furaha iliyomtetemesha, na palepale ndani ya furaha hiyo alimtamani mke wake kuliko siku aliyozikwa. Hakuwa amepanga kufanya alichofanya. Alilamba midomo, akavuta pumzi, akapiga mluzi. Mfupi mmoja ukatoka mwembamba, unakwaruza. Akavuta tena. Mrefu ukatoka, ukapanda mwishoni, ukasikika mpaka kwenye duka la vioo.

Mbao za dirisha zikafunguka.

Alikuwa mwanamke kijana, sindano ya mkono imeshikwa midomoni, kitambaa kimemning'inia begani. Nyuma yake mlikuwa na maboksi ambayo hayajafunguliwa. Wote waliamini chumba ni kitupu; mwaka mzima hakuna aliyepanda kuangalia. Aliitoa sindano mdomoni.

— Shikamooni wazee.

Wakili alikuwa amekumbatia bomba. Injini amekaa juu ya benchi palepale ngazi ya sitini na nane, benchi lenyewe limelala upande. Mama Birika aliinua mkono wenye birika, akashindwa hata kulitamka neno, akaushusha.

— Marahaba, binti, alijibu Posta peke yake.

— Nimesikia mluzi nikadhani ninaitwa. Kuna nini?

Posta alivua kofia. Miaka yote ile ilimjia mdomoni yenyewe, na aliposema, sauti yake haikukatika.

— Leo huna barua.

Yule binti alimtazama. Akatazama benchi, birika, na wale watatu waliomwagika ngazini kama mizigo. Akazitazama ngazi mpaka chini kabisa, barabarani. Kisha akamrudia Posta, na alikuwa anaanza kutabasamu.

— Sasa babu, na umepanda ngazi zote hizi kuja kuniambia hivyo tu?

Hakuna aliyemjibu. Wakili, Injini na Mama Birika hawakuwa na pumzi. Posta alikuwa nayo, tele, ya kutosha kujibu na ikabaki. Lakini swali lile lilimshinda akiwa na miaka ishirini na sita, na likamshinda tena.